Nyumba yangu Kasera niikatie bima ya milioni ngapi? Nina hesabu nne na zote zinagombana

#1 MtuWaKasera
Salaam wakuu, hasa nyie wa Tanga. Nina nyumba Kange Kasera, vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na baraza. Msingi nilichimba 2016 nikahamia 2021, ujenzi wa kudunduliza mnaujua wenyewe. Sasa nimekopa benki kwa hati ya nyumba hio hio nijenge fremu mbili za mbele, na benki wamesema nyumba lazima iwe na bima ya moto na majanga. Sina ugomvi na hilo, hata bila wao nilishaanza kuwaza maana nyumba ya tatu kutoka kwangu iliungua usiku mmoja, watu wakatoka na nguo walizolalia tu.

Shida ni fomu. Kuna mstari umeandikwa thamani ya jengo, wakala ananambia "jaza wewe, nyumba si yako". Sasa nina namba nne:
Daftari langu la ujenzi linasema nimetumia milioni 68.
Dalali anasema akiuza leo anapata 150 bila kubishana, lami imesogea na stendi ya Kange ipo jirani.
Deni la benki ni milioni 35.
Fundi aliyenijengea anasema kuanza upya leo kutoka chini ni 95.

Nijaze ipi? Mama watoto anasema 150 ili likitokea la kutokea tusihangaike. Mimi naona ada itakuwa kubwa.

#2 Pweza wa Sahare
35 kaka. Benki anataka pesa yake irudi basi. Ada unalipa ndogo maisha yanaendelea.

#3 BintiDuga
Kaka usimsikilize #2 hata kidogo. Nasema kwa uchungu maana yametukuta. Nyumba ya mama yetu ipo Duga, kuijenga upya si chini ya milioni 80, kaka yetu mkubwa akaikatia bima ya 40 akiona ni nyingi. Jiko likashika moto, likaunguza jiko lenyewe, store na paa la upande ule, hasara ikapigwa milioni 12. Sisi tukajua 12 iko ndani ya 40 kwa hio tunalipwa 12 kamili. Tukalipwa milioni 5 na laki 4. Wakasema nyumba ya 80 tumeikatia nusu, basi na hasara wanalipa nusu, milioni 6, halafu wakatoa asilimia 10 yetu sisi. Mama alilia akidhani wanae tumemla hela.

#4 Fundi Majani Mapana
dah pole sana dada. sasa hio nusu wameitoa wapi, au kampuni ndo janja janja

#5 Broka_Mstaafu
Salaam. Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, nimestaafu nipo Chumbageni, niruhusuni nieleze maana #3 hajadhulumiwa ingawa inauma.

Hio inaitwa kanuni ya avereji, imo kwenye karibu kila mkataba wa moto. Ukiweka kiasi pungufu ya thamani halisi, ile sehemu iliyobaki wewe mwenyewe unahesabiwa ndo mtoa bima wake. Chukua nyumba ya MtuWaKasera, tuseme kweli kuijenga ni 95. Paa la upande mmoja linaungua, hasara ni milioni 20. Akiwa amejaza 95 analipwa 20 akitolewa ekses. Akijaza 68 analipwa kama milioni 14 na laki 3. Akijaza 35 analipwa milioni 7 na laki tatu na ushee. Hasara ni ile ile, moto ni ule ule.

Na hio asilimia 10 waliyokatwa ndo ekses yenyewe, sehemu ya kila dai anayobeba mwenye nyumba. Inatofautiana mkataba kwa mkataba, uliza kabla ya kusaini.

#6 Pweza wa Sahare
Mzee Broka nakuheshimu ila tuwekane sawa. Nyumba ikiungua YOTE na umekata 35 unalipwa 35 au unalipwa theluthi ya 35?

#7 Broka_Mstaafu
Unalipwa 35. Hapo uko sahihi na watu wengi wanakosea. Avereji inauma kwenye hasara ya sehemu, ikiungua yote kikomo ni kile ulichokata. Lakini jiulize mwanangu, hio 35 anaipokea nani? Benki imeandikwa kwenye mkataba kama mnufaika wa kwanza. Wanachukua chao, wewe unabaki na kiwanja kimejaa majivu na huna deni. Utalala wapi na watoto?

#8 Pweza wa Sahare
Hapo nimekubali kuhusu kulala. Ila bado nasema kwa mtu ambae hana hela hio 35 ni bora kuliko kukosa kabisa.

#9 mama_Rukia
mume wangu pia alisema weka bei ya kuuzia kama mke wa mleta mada, sababu ndo thamani ya kweli si ndio? mtu akinunua atatoa 150

#10 Mkadiriaji Usagara
@mama_Rukia dada yangu, 150 ya dalali ndani yake kuna kiwanja. Kiwanja hakiungui. Hata nyumba ikibaki jivu, udongo wa Kasera upo pale pale na lami inazidi kusogea. Dalali anauza mahali, bima inarudisha tofali, nondo, bati na kazi ya fundi. Ukikata 150 kwa nyumba ya 95 watakulipa gharama halisi ya kurudisha nyumba na si zaidi, ile 55 ya juu umeilipia ada bure kila mwaka. Bima si biashara ya kupata faida kwenye moto.

Na kinyume chake kipo pia. Mjini katikati kuna nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kuta nene futi mbili, milango ya kuchonga. Sokoni hazipati bei kubwa, watu wanataka kisasa, lakini jaribu kuijenga upya vile vile uone, mawe hayapatikani na fundi wa chokaa ni wa kutafuta kwa tochi. Pale gharama ya kujenga inaweza kuwa KUBWA kuliko bei ya kuuza. Kwa hio bei ya dalali inaweza kukudanganya juu au chini.

#11 Mwalimu Pongwe
Mkadiriaji umeeleza vizuri sana. Naongeza kuhusu hio 68 ya kwenye daftari. Mleta mada ulianza 2016. Mimi nakaa karibu kabisa na kiwanda cha saruji na bado bei ya mfuko leo si ile niliyonunulia wakati najenga, sembuse nondo na bati. Daftari lako ni historia tu. Tena umenunua kidogo kidogo, mirunda umeazima kwa shemeji, tofali umefyatua mwenyewe siku za Jumapili, hio nguvu hujaiandika. Nyumba ikianguka leo utaanza kulipia kila kitu kwa mpigo, na kwa haraka.

#12 Fundi Majani Mapana
hapo kwa tofali za jumapili mwalimu umenigusa, watu hawahesabu jasho lao kabisa. mi nikipiga hesabu kwa mteja naulizwa mbona ghali wakati jirani kajenga kwa 40, jirani kajenga kwa 40 na ndugu zake sita

#13 Zigi_River
mi naishi upande wa Amboni bondeni, swali langu sio milioni ngapi ni bima ya NINI. mvua za Oktoba 2019 zilizokata barabara kule Handeni na Korogwe sisi huku maji yaliingia mpaka usawa wa kitanda. bima ya moto inalipa mafuriko?

#14 Broka_Mstaafu
Bima ya moto ya kawaida kabisa ni moto, radi na mlipuko wa kama mtungi wa gesi ya kupikia. Mafuriko, upepo mkali, tetemeko, gari kugonga ukuta, fujo za watu, hizo ni nyongeza, zinaandikwa moja moja na kuongezewa ada. Usidhani zimo. Fungua mkataba uone zimetajwa kwa majina. Na bondeni usifiche, wakija kugundua baadae kwamba mto uko mita 50 na hukusema wanaweza kulikataa dai zima.

#15 Houston_Mtanga
Wakuu salaam kutoka Texas, mzaliwa wa Barabara ya 12 hapo Ngamiani. Hili la Zigi_River hata huku lipo. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani haigusi mafuriko kabisa, unanunua peke yake, nyingi ni za mpango wa serikali kuu, na kikomo chake kwa nyumba ya familia ni dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani. Kimbunga Harvey 2017 nilikuwepo, mtaani kwetu watu wengi walikuwa na bima ya nyumba na bado hawakulipwa kwa sababu kilichoingia ndani kilikuwa maji ya mafuriko na hawakuwa na ile bima nyingine. Jirani yangu mzee wa Kimexico alikaa kwenye gereji miezi.

Na kuhusu avereji, huku kuna cha kufanana nacho. Mikataba mingi inataka uwe umekata angalau asilimia 80 ya gharama ya kujenga upya, ukiwa chini ya hapo ndo wanaanza kukupunguzia hasara ya sehemu. Juu ya 80 wanalipa gharama kamili mpaka kikomo chako. Kwa hio MtuWaKasera kwa 95 yako ukikata 76 huku ungekuwa salama kwa hasara ndogo ndogo.

#16 Broka_Mstaafu
@Houston_Mtanga ahsante, ila asije mtu akachukua hio 80 akaiweka Tanga. Ya kwetu wengi tunafuata mtindo wa Uingereza, avereji inaweza kuanza hata ukipungua kidogo. Ipo mikataba yenye kauli ya asilimia 85, ukifika hapo hawakusumbui, lakini lazima iwe imeandikwa. Kama haijaandikwa haipo.

#17 Nahodha Deep Sea
Sasa Houston ndugu yangu umetoka Barabara ya 12 mpaka Texas hata sambusa hujatutumia 😂 waja leo waondoka leo kweli. Timu yetu Coastal Union wanaendeleaje huko kwenye tv zenu

#18 Houston_Mtanga
Nahodha acha tu, nikija nakuletea. Coastal naangalia kwa simu usiku wa manane.

#19 Raskazone Upepo
Turudi kwenye mada. Mimi nilikata kiasi sahihi, 130, nikamlipa na mthamini, nikaona nimemaliza. Upepo ukang'oa bati upande wa bahari. Mkadiria hasara akaja, akapanda juu, akashika misumari ikamong'onyoka mkononi. Akasema upepo umemalizia tu, kutu ndo iliyoanza. Wakalipa mbao na dari iliyolowa, bati wakalipa kidogo sana kwa sababu ya uchakavu. Kampuni siitaji. Watu wa pwani chumvi inakula bati kila siku, na kutu, mchwa, ukuta kufyonza maji, vyote hivyo bima haivihesabu kama ajali. Nilikasirika lakini nikisoma mkataba naona wameandika. Kwa hio namba kubwa peke yake haikusaidii kama nyumba huitunzi.

#20 Mkadiriaji Usagara
#19 umeleta jambo kubwa. Kuna mikataba ya aina mbili na hii inabadilisha jibu la mleta mada. Upo unaolipa gharama ya kurudisha kipya, bati jipya kwa bati bovu, na upo unaolipa fidia, maana yake wanatoa uchakavu, bati la miaka 12 unalipwa kama bati la miaka 12. Kwenye mkataba wa kipya kiasi chako lazima kiwe gharama kamili ya ujenzi wa leo. Kwenye wa fidia kinaweza kuwa chini kidogo, lakini usitegemee kujenga nyumba nzima kwa hela hio. MtuWaKasera uliza wakala wako ni upi kabla hujagusa kalamu.

#21 MtuWaKasera
Duh nimesoma zote, ahsanteni sana. Wakala nimempigia, swali la #20 hajalijua, amesema ataniulizia ofisini kwao. Hilo tu limenitisha.

#22 Mzee wa Makorora
Mwanangu wakala akisema hajui mshukuru, wengine wanajibu tu. Mimi ni wa zamani, najua wakati bima ilikuwa shirika moja la taifa tu baada ya 1967, ukienda unapewa mkataba mmoja kama kitabu cha posho. Siku hizi makampuni mengi, mawakala wengi, na mabenki nayo yanauza. Hakikisha wakala amesajiliwa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na ukilipa bima ionekane kwenye mfumo wao. Mkigombana na kampuni baadae kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hakuna haja ya kukimbilia wakili siku ya kwanza.

#23 kijana_gofu
kwani si tunakatwa kwenye luku kila mwezi 1500 ya jengo? hio si ndo bima ya serikali nyumba ikiungua

#24 Mwalimu Pongwe
Hapana mdogo wangu, ile 1,500 ni kodi ya jengo. Nyumba ikiungua hulipwi kitu kutoka hapo. Na zimamoto namba yao ni 114, iandike ukutani, hio ni bure.

#25 Shekhe Msambweni
Assalaam alaykum. Kuna ndugu wengi hapa wanaogopa bima kwa sababu ya riba na kubahatisha, na hofu yao si ya kuchezewa. Sasa hivi takaful imeanza kutolewa hapa nchini, watu mnachangia mfuko wa kusaidiana, mwenye msiba wa nyumba anatolewa humo. Lakini swali la mleta mada linabaki pale pale hata kwenye takaful, utasema nyumba ni ya kiasi gani. Ukitaja pungufu unawapunja wenzio mfukoni, ukitaja zaidi unajipunja. Sema kweli.

#26 Bi Hindu Mabawa
Waalaykum salaam shekhe. Mie nina nyumba ya wapangaji, vyumba sita, kila kimoja 40,000. Sina benki, sina deni. Nyumba ikiungua mie sipotezi matofali tu, napoteza laki mbili na arubaini kila mwezi ndo ninayolia. Hio nayo inakatwa bima?

#27 Broka_Mstaafu
Inakatwa Bi Hindu, unaongezea kodi inayopotea. Piga hesabu ya muda wa kujenga, sio wa moto. Kama fundi atachukua miezi minane ni milioni 1 na laki 9 na ushee. Na nyumba ya wapangaji waeleze kwamba ni ya wapangaji, na kama kuna jiko la makuti uani lisemwe, makuti yanapandisha ada lakini kulificha ni vibaya zaidi. Vitu vya ndani vya wapangaji si vyako, kila mmoja ajikatie vyake.

#28 BintiDuga
Na nyumba isikae tupu muda mrefu. Tulivyohamisha mama kwenda Muheza kwa dada tukaambiwa ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mambo mengine hawalipi mpaka tuwape taarifa.

#29 Jirani wa Mikanjuni
Mi napinga wote kwa heshima. Kiasi sahihi ni sifuri. Hela ya ada ya miaka kumi nunua mtungi wa kuzimia moto, badilisha waya zote za nyumba maana moto mwingi mtaani ni umeme wa kuunganisha unganisha, weka breka nzuri, mtungi wa gesi uwe nje, kinachobaki weka akiba. Kaka yangu amefanya hivyo na hela yake ipo, hajabembeleza mtu.

#30 Mwalimu Pongwe
Waya na mtungi wa moto nakubaliana nawe mia kwa mia, kila mtu afanye. Ila akiba ya ada, tuseme laki mbili kwa mwaka, kwa miaka kumi ni milioni mbili. Milioni mbili inarudisha nini? Milango miwili na madirisha ya mbele. Moto haungoji akiba ikomae, unaweza kuja mwezi wa pili.

#31 Jirani wa Mikanjuni
Na unaweza usije miaka 60. Baba yangu amekufa nyumba haijawahi kuungua wala kuezuliwa.

#32 Raskazone Upepo
Na yangu iliezuliwa. Hatujui nani ni nani mpaka siku yenyewe. Kimbunga Hidaya kilipotangazwa mwezi wa 5 mwaka 2024 sikulala, nilikaa nasikiliza bati.

#33 Nahodha Deep Sea
Na lile tetemeko la Agosti 2020 usiku, nilikuwa baharini sikusikia, nikarudi nakuta mke wangu na majirani wote wapo nje na mikeka 🙏

#34 kijana_gofu
nyumba ya marehemu baba iko kwa jina lake bado, mirathi haijaisha, tunaweza kukata au mpaka tugawane

#35 Broka_Mstaafu
Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama akate kwa niaba ya warithi. Ukikata wewe kwa jina lako peke yako wakati hati ni ya marehemu, siku ya dai watakuuliza una haki gani kwenye nyumba hii, na swali hilo halina majibu ya haraka. Malizeni uteuzi hata kama kugawana bado.

#36 Mkadiriaji Usagara
MtuWaKasera nirudi kwako, ile 95 ya fundi mwulize amehesabu nini. Fundi anahesabu kuta, paa na finishing. Je fensi? Shimo la maji taka? Tenki na mnara wake? Kuvunja kuta zilizobaki na kuondoa kifusi, maana huwezi kujenga juu ya majivu? Mchoro na kibali? Hio ndo mara nyingi inasahaulika. Kama una uwezo mlete mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na ile bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji, kwa nyumba kama yako si kazi ya wiki. Na usibaki na namba hio milele, ipitie kila mwaka unapohuisha bima.

#37 MtuWaKasera
Wakuu nimerudi baada ya siku tisa. Fundi nilimbana, kweli hakuweka fensi (milioni 9), shimo na choo cha nje (3.5), tenki na mnara (2.5), kifusi (4), mchoro na vibali (3). Ikafika 117. Nikamleta mkadiriaji, akapunguza kwenye paa, akasema fundi amezidisha mbao, akaishia 114. Wakala sasa amerudi na jibu, mkataba ni wa kurudisha kipya, nyongeza ya upepo na mafuriko ipo ila tetemeko wanaongezea, na kauli ya asilimia 85 haipo. Kiwango walichonipa ni 0.2 kwa mia, kwa 114 ni 228,000 ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 269,040. Kwa 35 ingekuwa 82,600. Tofauti kama laki moja na themanini na sita kwa mwaka. Mama watoto sasa anasema 120 tukae na nafasi bei zikipanda katikati ya mwaka. Mimi bado naiona ni nyingi lakini siioni tena ile 35.

#38 Pweza wa Sahare
Kaka mimi bado nasimamia kwamba kuna watu 269 elfu hawana, kwao 35 si dhambi. Ila kwako wewe sawa, mke wako yuko sahihi.

#39 Jirani wa Mikanjuni
Badilisha waya pia.

#40 Broka_Mstaafu
120 si mbaya, ada ya milioni 6 za ziada ni kama 14,000 na VAT yake. Wengine watakwambia 114 inatosha kwa kuwa mkadiriaji keshasema, na hawajakosea. Vitu vya ndani umeviweka? Hio 114 ni jengo tupu. Kitanda, friji, cherehani, dhahabu ya mama, orodhesha piga na picha, risiti ulizonazo ziweke kwa ndugu sio kwenye kabati hilo hilo litakaloungua.

#41 MtuWaKasera
Vitu vya ndani nimejaza 15, dhahabu wanataka iandikwe peke yake. Swali la mwisho mzee, hizi fremu mbili ninazojenga zimo humo humo?

#42 Broka_Mstaafu
Hapana, hazimo. Jengo lililo kwenye ujenzi lina bima yake tofauti, na ukiunganisha paa la fremu na la nyumba umebadilisha nyumba yenyewe, lazima wajue. Ziko hatua gani?

#43 MtuWaKasera
Lenta. Bati tunapandisha Jumamosi.

#44 Broka_Mstaafu
Mpigie wakala kabla ya Jumamosi.